Ngome Ndani ya Ngome

Mbele ya ngome ya Dameski, mji mkuu wa Syria, kuna sanamu ya Salahuddin, sultani aliyeitwaa Yerusalemu kutoka kwa Wapiganaji wa Msalaba, juu ya farasi. Iliwekwa mwaka 1993, miaka 800 baada ya kifo chake. Wageni hupiga picha, sanamu mbele na kuta nyuma, wakaondoka wakiamini aliyepanda farasi ndiye aliyejenga. Siye. Kuta zile ni za nduguye, al-Adil, aliyezianza mwaka 1203.

Ngome aliyofia Salahuddin ni ile kongwe ya Waseljuki, watawala wa Kituruki, iliyoanzwa miaka ya 1070. Al-Adil hakuifutilia mbali. Aliizungushia nyingine kwa nje, yenye minara mikubwa ya mawe mazitomazito. Kwa nini gharama yote hiyo? Tetemeko la 1202 lilikuwa limetikisa Shamu, yaani Syria na jirani zake. Halafu yalikuwapo manjaniki, mashine za kurushia mawe, ambazo wakati huo zilikuwa zikizidi nguvu. Mimi naongeza la tatu: al-Adil mwenyewe aliwahi kuzingirwa mjini humo na wana wa Salahuddin. Aliyezingirwa na watoto wa ndugu yake hajengi ukuta mwembamba. Na ujenzi aliwagawia wakuu wa ukoo huohuo, kila mmoja mnara wake, gharama juu yake. Ujanja huo naukubali!

Baada yake walikuja Wamongoli mwaka 1260, wakabomoa, Baybars, sultani wa Wamamluki wa Misri, akakarabati. Mwaka 1401 Timur, mshindi wa vita kutoka Asia ya Kati, akaizingira tena. Mwaka 1759 tetemeko jingine. Kila pigo limeacha kiraka chake, na mwanaakiolojia huvisoma viraka hivyo kama fundi cherehani asomavyo kanzu kuukuu: mawe yamebadilika ukubwa, chokaa imebadilika rangi, hapa kuta mbili zimegusana bila kushikana, basi moja imetangulia.

Ndiyo maana sipendi wanaotaka kuirejesha "kama ilivyokuwa". Ilivyokuwa lini? Ukibandua kazi ya Wamamluki umfikie al-Adil, mwenye ukuta wa Kiseljuki naye atadai haki yake.

Tena mpaka miaka ya 1980 ngome hiyo ilikuwa jela. Wengi wangependa sehemu hiyo isahauliwe. Sisi hatuna haja ya kushangaa: ngome ya Kilwa Kisiwani tunaiita Gereza, na Fort Jesus ya Mombasa ilifunga watu hadi 1958. Vyumba vya wafungwa navyo vipimwe, vichorwe na kuandikwa, sawa na mnara wowote wa al-Adil.