Ardhi inayobonyea Sidoarjo, na hesabu zake

Barazani kwetu Mji wa Kale, kijana anayesomea upimaji ardhi alituuliza swali moja: ikiwa setilaiti yaona ardhi ikishuka sentimita chache tu, mbona watu wa Sidoarjo hawakuambiwa tope litakoma lini?

Sidoarjo iko Java Mashariki, Indonesia. Tarehe 29 Mei 2006, siku mbili baada ya tetemeko la Yogyakarta, tope la moto lilianza kububujika karibu na kisima cha gesi kilichokuwa kikichimbwa. Lilifikia hadi mita za ujazo 180,000 kwa siku, likazika vijiji. Kama chanzo ni kisima au ni tetemeko, ugomvi huo tuuache.

Wanaozitetea hesabu za setilaiti wana hoja nzito. ALOS, setilaiti ya Wajapani, ilirudi juu ya eneo lile lile kila siku 46, na mawimbi ya rada yake yakilinganishwa huonyesha ardhi imesogea kiasi gani. Tope likitoka, shinikizo chini hupungua na ardhi hubonyea. Kasi ya kubonyea ilikuwa ikififia, na mwaka 2013 watafiti wakakadiria kuwa mtiririko ungepungua mara kumi kufikia 2017 hivi. Modeli nyingine ya 2011, isiyotegemea vipimo hivyo, ilitaja miaka 26 ya tope kutoka.

2017 ilipita na tope bado linatoka.

Wenye shaka hawakosi la kusema. Bonde lile lile juu ya ardhi laweza kusababishwa na upungufu mdogo wa shinikizo karibu na uso wa ardhi au mkubwa wa chini sana. Hesabu hukubali yote mawili. Na pale kinywani penyewe, rada haipati kitu cha kushika, maana tope hubadilika kila siku. Sisi maji ya bamvua twayajua mapema kwa kuwa mwezi hurudia njia yake. Tope la Sidoarjo halina mzunguko wa kurudia.

Hata hivyo nawaelekea wapimaji, ila si kwa tarehe zao. Tope lile limezungushiwa kuta za udongo, nazo hushuka pamoja na ardhi iliyo chini yake. Anayejua upande gani unabonyea upesi anajua ukuta upi uinuliwe kwanza.

Kijana hakuridhika. Yeye alitaka tarehe.