Ni saini tu, mdogo wangu

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na mzee mmoja wa kwetu anayeishi huku Marekani. Mpwa wake, kijana aliyeingia majuzi, anataka kupanga chumba na sebule kwenye nyumba yangu. Kazi anayo, ila historia ya mikopo, yaani rekodi ya jinsi mtu anavyolipa madeni yake, hana hata ya siku moja. Mzee akajitolea kumdhamini, nikafurahi. Nilipomwomba salari slipu na ruhusa ya kukagua madeni yake, sauti ikabadilika. "Mdogo wangu, mimi wa kuniomba karatasi? Ni saini tu hiyo."

Neno hilo limenichoma kwa sababu nimekua nalo. Baba alimwekea mwenzake wa kazini saini tu. Mwenzake akahama mkoa, na sisi tukaishi na makato ya mshahara wa baba miaka miwili. Baadaye alikuja msibani kwetu, akakaa mkekani kama kawaida, na hakuna aliyemuuliza.

Najua mtakavyosema: kapata nyumba, sasa anajiona. Haya, nyinyi mnaopanga Sinza, si mnalipa kodi ya miezi sita mkononi na ya mwezi mmoja ya dalali juu yake? Mwenye nyumba wenu haombi karatasi kwa sababu hela ameshaishika. Huo si wema. Mimi kwa kijana huyu nachukua kodi ya mwezi wa kwanza na amana, basi. Shifti zake za kazi zikikatwa mwezi wa tatu wa kupanga, benki iliyonikopesha hela ya nyumba inanidai mimi. Ndiyo maana mdhamini lazima awe na kipato cha kubeba nyumba yake na hii kwa wakati mmoja, maana akisaini anadaiwa kodi yote, si nusu. Nimwache mzee wa watu asaini asichokiweza, halafu nije kumdai? Nani atakuwa amemvunjia heshima hapo?

Tena sheria ya makazi ya huku Marekani, ya mwaka 1968, hainiruhusu kumpendelea wala kumkataa mtu kwa taifa alilotoka. Kipimo cha kijana wa Mbagala ndicho cha atakayekuja kesho kutoka Guatemala. Na nikidai mdhamini kwa sababu ya ripoti ya mikopo ya kijana, nawajibika kumwambia hivyo, na kumtajia kampuni iliyoitoa ili aipinge ikiwa na makosa. Nimemwandikia. Kule nyumbani nani amewahi kunyimwa chumba akaelezwa sababu? Unaambiwa kimeshachukuliwa, na wiki nzima unakiona kiko wazi.

Msinielewe vibaya. Nilipofika huku nililala miezi minane kwa familia ambayo hatukuwahi kuonana, kwa neno la shangazi tu, na hakuna karatasi duniani ya kulipa hilo. Najivunia kutoka kwa watu wa aina hiyo. Lakini ule ulikuwa ugeni, na ugeni sijamnyima mtu. Kijana akikwama leo usiku, kochi langu lipo. Kupanga ni mkataba.

Jana mzee ametuma salari slipu za miezi mitatu na ile ruhusa. Kipato kinatosha, nimemkubali. Ujumbe wake haukuwa na salamu hata moja. Nimemjibu, shikamoo kwanza, halafu tarehe ya kuja kuchukua funguo.