Misheni ikitaka kufundisha kilimo ianzie na kisiki kilichopo shambani

Kila mwaka utasikia kanisa fulani kijijini limepata wageni, wamekuja na semina ya kilimo, siku tatu, kuna chakula cha mchana na nauli, siku ya mwisho kila mama anapewa pakti ya mbegu na miche ya kwenda kupanda, picha zinapigwa, wageni wanaondoka. Msimu ukiisha ukiulizia ile miche unaambiwa imekauka au mbuzi wamekula. Mimi ni Mkristo na naamini kabisa kanisa lina kazi shambani, tena kubwa, maana huwezi kumhubiria mtu ambaye ikifika Januari hana hata debe moja ndani halafu ukasema umemaliza. Ila hii staili ya semina na vitu vya bure naona inawachelewesha watu, kwa sababu inawaambia kwamba dawa ya shamba lao lazima itoke kwenye gari la mgeni.

Kuna mmisionari mmoja natamani kila mchungaji wa kijijini amjue, anaitwa Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikwenda Niger na shirika la misheni la SIM, akakaa upande wa Maradi, karibu na jangwa, na yeye alianza hivyo hivyo kama hawa wetu, anagawa miche na kupanda miti, na mingi ikafa, na wananchi wala hawakuwa na habari nayo maana mtu mwenye njaa anawaza mtama wake kwanza. Siku moja mwaka 1983 akasimamisha gari apunguze upepo kwenye matairi ili lipite kwenye mchanga, amekata tamaa kabisa, akaomba Mungu amfungue macho. Ndipo akaangalia kichaka kimoja pembeni akagundua kumbe sio kichaka, ni mti uliokatwa unachipua upya kwenye kisiki. Yaani mizizi ilikuwa hai chini ya yale mashamba muda wote, wakulima wenyewe walikuwa wanafyeka machipukizi kila mwaka wakisafisha shamba. Mwenyewe ameeleza kwamba aliomba pale njiani na mimi naamini yale yalikuwa majibu.

Kazi yenyewe haina gharama, unachagua kisiki, unabakiza machipukizi machache yaliyonyooka, mengine unapogolea, unalinda mifugo isile, basi. Kinachoota kina mizizi mirefu tayari kwa hiyo hakihitaji kumwagiliwa kama mche. Miti ikikua inakinga ule upepo wa mchanga unaofukia miche ya mtama, majani yanaanguka yanarutubisha udongo, mama anapata kuni za karibu.

Mwaka 1984 ilipoingia njaa kali watu walipewa chakula ili walinde miti, wakailinda kweli, chakula kilipokata wengi wakaikata. Mimi hapa ndipo napata ushahidi wangu kuhusu vitu vya bure. Waliobaki nayo ni wale walioona faida shambani kwao, wakafundishana jirani kwa jirani, na kulikuwa na kikwazo kingine kikubwa kwamba kisheria miti ilihesabiwa ni ya serikali, sasa nani atunze mti ambao sio wake? Maafisa misitu walipolegeza hilo watu wakaanza kuitunza kama mali yao. Leo inakadiriwa zaidi ya hekta milioni 5 za Niger zimerudi kuwa na miti kwa njia hii. Na Niger karibu wote ni Waislamu! Hakuna aliyeambiwa abadili dini kwanza ndio afundishwe kupogolea, na kwangu hiyo ndiyo injili yenyewe, unampa jirani kitu kizuri bila masharti.

Naandika haya kwa sababu mbinu hiyo hiyo ipo hapa kwetu Dodoma, ndiyo hii watu wanaiita Kisiki Hai. Huku kwetu Dodoma mvua ni msimu mmoja tu, ardhi ikikauka inakuwa ngumu kweli kweli, na Kongwa wazee walishaona mwaka 1947 Waingereza wakileta matrekta na mamilioni ya pauni kwa ajili ya karanga, ikifika 1951 mradi umekufa. Hela na mashine vilikuwepo, kilichokosekana ni kuijua ardhi ya hapa.

Hata ile mbinu ya mashimo ya kupandia na kufunika udongo kwa mabua, aliyoianzisha mkulima Brian Oldreive kule Zimbabwe na inayofundishwa makanisani mengi kama kilimo cha njia ya Mungu, mimi naikubali, inatunza unyevu vizuri. Lakini kwetu baada ya mavuno mabua ni chakula cha ng'ombe, shamba lako linakuwa malisho ya kijiji kizima, na mwalimu wa semina hilo halijui kwa sababu hajawahi kukaa hapa mwezi wa nane. Halafu jamani tuache kuwaambia watu kwamba mavuno yakiwa madogo imani yao ndogo, mvua ikikata inakata kwa wote.

Anayejua hayo yote ni mwinjilisti wa pale pale, ana shamba lake, ana mbuzi wake, anaonana na watu kila Jumapili mwaka mzima. Na makanisa yetu yana ardhi, tena maeka mengine yamekaa tu yana visiki kibao. Hiyo ndiyo iwe shamba darasa, kiangazi hiki, wazee wa kanisa na vijana wachague visiki wapogolee wenyewe, na suala la mifugo mchungaji na imamu walipeleke pamoja kwenye mkutano wa kijiji litungiwe sheria ndogo kabla ya mavuno yajayo. Wageni wakija wakiwa na hela ya semina waombwe wasaidie usafiri wa mwinjilisti kuzungukia mashamba ya watu.