Planktoni wa Tanga kwenye hadubini ya Arusha

Maji ya bahari yakichotwa Tanga ili planktoni wake, viumbe wadogo wanaoelea majini, wasomwe Arusha, yana safari ya zaidi ya kilomita 400, tena kupitia joto la Mombo na Same. Ndiyo maana mchotaji makini hutia myeyusho wa Lugol, yaani iodini ya kuhifadhi viumbe, papo hapo ufukweni, hadi maji yafanane na chai ya rangi, kisha akafunga chupa gizani. Maji hayo hayahitaji friji, na siliati, viumbe wa seli moja wenye vinywele ambao hupasuka kwa kuguswa tu, hubaki na umbo lao. Arusha, mililita 50 huachwa zituame kama siku nzima kwenye chemba ya Utermöhl, kichombo cha kutuamishia planktoni chini ya hadubini, halafu hesabu: mimea safu hii, wanyama safu ile.

Wanaotetea utaratibu huu hawajakosea. Kumbukumbu nyingi za miaka mingi zimejengwa juu yake, na ukibadili njia leo utalinganisha na nini?

Ila wapo planktoni wanaofanya yote mawili, usanisinuru kama mimea na kula kama wanyama, na Lugol hufunika klorofili, rangi ya kijani ambayo ingewatambulisha. Mesodinium rubrum kwa umbo ni siliati, basi anaandikwa mnyama. Kumbe huyu hupora kloroplasti za mwani wa kriptofiti na kuzitumia kwa usanisinuru. Dinophysis, planktoni mwingine wa seli moja, naye humpora Mesodinium: mali ya wizi ikaibiwa tena! Dinophysis ndiye anayewatia kome sumu ya kuharisha, na hakuna aliyefaulu kumfuga maabara hadi 2006, alipolishwa Mesodinium aliyelishwa kriptofiti. Anayefuatilia sumu hiyo huku Mesodinium amefichwa kati ya wanyama wengine hataona chakula cha Dinophysis kikiongezeka.

Halafu kuna utafiti wa wanasayansi wa bahari Zubkov na Tarran wa 2008. Kaskazini mwa Atlantiki, majira ya joto, katika tabaka lenye mwanga, mwani wadogo ndio waliofanya asilimia 40 hadi 95 ya ulaji wa bakteria. Shika hiyo 40, ya chini kabisa: bado safu ya "wanyama" peke yake inakosa karibu nusu ya ulaji huo. Na bakteria hugombania fosforasi na mwani hao hao. Kwa hiyo mwani anamla mshindani wake, na virutubisho vinabaki mwilini mwake badala ya kurudi majini kama vinavyorudi mlaji wa kawaida anapotoa taka.

Namba hizo ni za huko, si za Tanga. Huku kusi hukoroga bahari. Kaskazi huituliza, maji hupata joto na kujipanga matabaka, virutubisho vya juu vikapungua. Hapo ndipo kuwa na njia mbili za kupata chakula kunalipa. Anayechota wakati wa kusi tu asiseme viumbe hawa wa njia mbili ni wachache.

Kurekebisha hesabu kuna gharama, na hapo watetezi wa Lugol wana haki. Chupa ya pili yenye glutaraldehaidi, dawa nyingine ya kuhifadhi, lazima isafiri gizani kwenye barafu, isomwe ndani ya siku chache kwa hadubini ya mwanga wa buluu, ambao huifanya klorofili ing'ae nyekundu. Hata hivyo wekundu wa tumboni waweza kuwa mlo wa mchana tu. Jaribio la kuwapa viumbe hao bakteria waliotiwa rangi wawale hufafanua zaidi, japo dawa ya kuhifadhi huweza kuwatapisha.

Asiye na vifaa hivyo aanze na safu ya tatu kwenye fomu, ya wanaofanya yote mawili, na tone la maji hai chini ya hadubini kabla ya Lugol, akiwa bado Tanga. Mesodinium hutulia, huruka ghafla, hutulia tena, na wekundu wake huonekana bila taa maalumu.