Kinu cha mahindi na safu ya mwisho ya jedwali

Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) lilizuia chapa tano za unga wa mahindi kwa sumukuvu (aflatoksini, sumu itokanayo na ukungu) iliyopita kiasi. Kikomo cha Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla ya aina zote za sumu hiyo, na 5 kwa aina iliyo kali zaidi, B1. Wenye vinu wengi huona kinga ni kupima unga uliokwisha kufungashwa, na kwamba mpango wa udhibiti wa ubora ni karatasi tu.

Wana hoja. Mpango huo ni jedwali: hatua, kinachopimwa, kikomo, kifaa, sampuli, mara ngapi, mhusika, na la kufanya kipimo kikikataa. Ukinakiliwa kutoka kiwanda kikubwa huja na mistari 40. Kinu cha watu sita hakiiwezi, basi fomu hujazwa mwisho wa zamu: unyevu 13.0, 13.0, 13.0 kutwa nzima. Fomu ya namna hiyo ni mbaya kuliko kukosa fomu, maana mwenye kinu hulala akijiona salama.

Lakini kutegemea unga wa mwisho ni kubahatisha. Sumukuvu haienei sawasawa. Punje chache zaweza kubeba karibu sumu yote ya shehena. Kazi iko getini: bambo (mrija wenye ncha wa kutolea sampuli) lichome magunia ya juu, ya kati na ya chini, mahindi yachanganywe yafike kama kilo 5, yasagwe yote, ndipo kipimo kichotwe kwenye unga huo. Anayesaga konzi moja ya mahindi amepima konzi, hajapima lori. Unyevu usizidi asilimia 13.5, na punje zenye joto zipoe kwanza, la sivyo kipima unyevu hudanganya.

Sembe ina mtego wake. Kukoboa hupunguza sumu kwenye unga na kuilundika kwenye pumba, ambazo huenda kwa ng'ombe na kurudi kwenye maziwa. Mpango usio na mstari wa pumba umehamisha tatizo kwa jirani.

Kwenye virutubishi, yaani vitamini na madini yanayoongezwa kwenye unga, hesabu ni nyepesi. Kinu kikisaga tani 2 kwa saa, na kipimo kilichoelekezwa ni gramu 500 kwa tani, kifaa kidondoshe gramu 16.7 kwa dakika. Kinga kinachodondoka kwa dakika moja, kipime, rudia kila saa. Unyevunyevu hugandisha unga wa virutubishi, mota ikazunguka bila kitu kushuka. Mahindi yakipungua kasi, dozi huzidi.

Kwa hiyo mimi nachagua mpango mfupi: lori, pumba, virutubishi. Nguvu yote iwe kwenye safu ya mwisho, ile ya la kufanya kipimo kikikataa. "Mjulishe msimamizi" si hatua. Hatua ni hizi: unyevu ukizidi, mahindi yaanikwe na kupimwa upya; sumukuvu ikizidi, lori lisishushwe; dozi ikikosewa, mifuko yote tangu kipimo kizuri cha mwisho itengwe. Na anayeandikwa kama mhusika awe na ruhusa ya kulirudisha lori usiku bila kumpigia tajiri simu.