Usiilaumu kamera, sogea karibu

Picha nyingi za chini ya maji hutoka bluu tupu, zimefifia na kujaa madoa meupe, na mpigaji huanza kuwaza kununua kamera ya bei kubwa. Naona hilo ni kupoteza fedha. Kamera ndogo ndani ya kasha la plastiki inatosha kabisa kwa mzamiaji wa kawaida. Kinachoharibu picha ni umbali.

Maji hunyonya rangi nyekundu kwanza. Ukifika mita 5 hivi, sehemu kubwa ya nyekundu imeshapotea. Rangi ya machungwa hufuata, kisha njano. Tena mwanga husafiri mara mbili: kutoka juu hadi kwa samaki, halafu kutoka kwa samaki hadi kwenye lenzi. Samaki akiwa kina cha mita 6 na wewe uko mita 3 kutoka kwake, rangi zimepita kwenye maji ya mita 9. Usitumie zumu, maana haipunguzi maji yaliyo katikati. Sogea mpaka awe ndani ya urefu wa mkono, na kwa viumbe vidogo fika sentimita 30 ikiwa kamera yako inaweza kulenga hapo. Macho nayo hudanganya: kupitia kioo cha barakoa, kitu kilicho mita 1 huonekana kama kiko sentimita 75. Kwa hiyo ukidhani umefika, bado.

Flashi ya kamera izime. Iko jirani mno na lenzi, hivyo huangaza kila chembe inayoelea mbele yako, na hayo ndiyo madoa meupe. Fedha ya kamera mpya nunulia tochi yenye mwanga mpana, uishike pembeni, mbali kidogo na lenzi, ikimulika kwa mshazari. Filta nyekundu, yaani kipande chekundu kinachowekwa mbele ya lenzi, husaidia kati ya mita 5 na 20 jua likiwa kali, lakini usiichanganye na tochi. Vitu vya karibu vitakuwa vyekundu kupita kiasi. Kama kamera inakuruhusu kupanga rangi nyeupe mwenyewe, yaani kuionyesha kipi ni cheupe ili irekebishe rangi nyingine, ielekeze kwenye kibao cheupe, na urudie kila kina kinapobadilika kwa mita chache.

Kabla ya kununua, angalia kina. Kamera nyingi zinazouzwa kuwa hazipitishi maji zimepimwa hadi mita 15 tu, ilhali cheti cha kwanza cha uzamiaji kwa kawaida hufika mita 18. Kasha la mita 40 ndilo la kutafuta.

Oringi, pete ya mpira inayoziba kasha maji yasiingie, ndiyo inayostahili subira yako yote. Itoe kwa vidole au ncha ya kadi ya plastiki, kamwe si kwa kisu. Ipitishe polepole kati ya vidole ukitafuta mchanga au mkwaruzo, futa mtaro wake kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha paka grisi aliyoelekeza mtengenezaji, kidogo tu, ing'ae bila kuganda mabonge. Grisi haizibi maji; kazi yake ni kuifanya oringi ikae sawasawa. Unywele mmoja unatosha kuingiza maji. Kasha jipya lizamishe kwanza likiwa tupu, na karatasi ya tishu ndani, uone kama italowa. Lifungie mahali pakavu na penye ubaridi, pamoja na kipakiti cha silika jeli cha kunyonya unyevu, la sivyo ukungu utafunika kioo ukiwa chini.

Kama huwezi kuelea umetulia bila kushika matumbawe, kamera iache juu kwanza. Na usizuie pumzi ili mkono utulie: ukipanda hata kidogo, hewa hutanuka na inaweza kujeruhi mapafu.

Ukishatoka, loweka kasha likiwa limefungwa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kwa nusu saa, ukibonyeza kila kitufe. Chumvi ikikauka chini ya vitufe huvikwamisha na kukwaruza oringi zake ndogo. Kausha kasha, mikono na nywele zako, ndipo ufungue.