Jina la seva ya ndani likiulizwa ng'ambo

Ukimwita fundi akufungie mtandao wa ofisi Kisumu, Kakamega au Nakuru, mara nyingi kazi itakwisha kwa yeye kuandika 8.8.8.8, seva ya majina ya Google, kwenye ruta, na chini yake 1.1.1.1 ya Cloudflare iwe ya akiba. Hakuna anayemlaumu. Google walifungua huduma yao ya DNS, yaani ya kugeuza majina ya mitandaoni kuwa anwani za namba, Desemba 2009, Cloudflare wakafungua ya kwao tarehe 1 Aprili 2018, zote ni za bure na ni nadra sana kuzikuta zimelala. Ushauri wa "weka nane nne umalize" umekuwa sheria isiyoandikwa. Anayesema ofisi iwe na seva yake ya majina huonekana amepitwa na wakati, na hapo ndipo ninapoona upande mmoja haujasikilizwa vya kutosha, hasa huku magharibi ambako faiba ya ofisi ikikatika unaweza kusubiri hadi kesho.

Wanaotetea seva za umma hawaongei mambo ya hewani. Seva ya majina si kifaa cha kuweka na kusahau. Inataka stima, na stima ya huku tunaijua. Inataka kusasishwa: mwaka 2008 mtafiti wa usalama wa kompyuta Dan Kaminsky alipoonyesha jinsi jibu la uongo linavyoweza kupenyezwa kwenye kumbukumbu ya seva, watengenezaji wa programu za DNS walitoa marekebisho kwa pamoja, na aliyechelewa kuyaweka alibaki wazi. Inataka kufungiwa mlango pia, kwa sababu seva inayomjibu kila anayeuliza kutoka popote duniani hugeuzwa silaha. Spamhaus, shirika linalopambana na barua pepe taka, walipofurikiwa na data Machi 2013, mafuriko yale yalipitia seva za namna hiyo, za watu wasiojua hata kwamba wamo vitani. Na zaidi ya yote inataka mtu. Fundi akipata kazi Nairobi akaondoka na nywila kichwani, ofisi inabaki na sanduku linalowaka taa ambalo hakuna anayethubutu kuligusa.

Tena kuna ofisi ambazo hoja hii inazimaliza kabisa. Duka la jumla pale Kondele linalotegemea M-Pesa, mfumo wa kodi wa iTax na barua pepe iliyo kwenye wingu halina cha ndani cha kutafuta kwa jina, labda printa. Faiba ikikatika, seva ya majina hata iwe nzuri vipi haitawaletea iTax dukani. Huyo aachwe na 8.8.8.8 yake, na nitamuunga mkono.

Upande wa pili nao hujiharibia kwa kuinadi seva ya ofisini kama dawa ya kasi. Cloudflare wana vituo Nairobi na Mombasa. Kisumu hadi Nairobi ni kama kilomita 350 kwa barabara, na mwanga ndani ya faiba hukata takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo swali kwenda na jibu kurudi ni suala la milisekunde chache, hata ukiongeza za vifaa vya njiani. Kompyuta na simu zenyewe pia hukumbuka majibu kwa muda. Mtumiaji wa kawaida hatahisi tofauti yoyote, na ukimwahidi kasi kisha asiione, hatakuamini utakapomweleza faida yenyewe.

Faida yenyewe inahusu siku mbaya. Kliniki moja ya Kisumu ilikuwa na mfumo wa rekodi za wagonjwa kwenye seva yake, chumba cha nyuma, mita chache kutoka mapokezi. Jina la mfumo ule liliandikwa kwenye kikoa cha umma cha kliniki, yaani jina lake la intaneti, likielekeza anwani ya ndani, 192.168.1.10, na kompyuta zote zilipewa 8.8.8.8 kama seva ya majina. Mpango huo hufanya kazi vizuri miezi na miezi. Siku mashine ya kuchimba mtaro ilipokata faiba kando ya barabara, mapokezi waliambiwa na kompyuta kwamba ukurasa haupatikani. Famasia wakaendelea na kazi. Maabara wakadumu kidogo, wakazimika. Baadaye famasia nao wakazimika. Kila mtu akasema seva inakufa taratibu, madaftari yakatolewa kabatini, foleni ikafika nje.

Seva haikuwa na tatizo lolote. Taa za swichi zilikuwa kijani, kebo zilikuwa nzima, na ungeandika 192.168.1.10 moja kwa moja mfumo ungefunguka hapo hapo. Kilichokosekana ni jibu la swali moja tu, na swali lenyewe lilikuwa linatumwa nje ya nchi: mashine iliyo nyuma ya ukuta huu iko wapi? Ni kama kupiga simu Ulaya kuuliza jiko lako liko upande gani wa nyumba.

Mbona basi kompyuta zilizima kwa zamu? Rekodi ile ilipewa maisha ya sekunde 3600. Namba hii inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa mafundi wengi huiacha kama walivyoikuta kwenye fomu. Sekunde 3600 ni saa moja. Kompyuta ikipata jibu hulihifadhi kwa muda huo, lakini si lazima ipewe saa nzima: seva ya umma inaweza kuwa imekaa na jibu lile dakika 50 tayari, ikakupa 10 zilizobaki. Kwa hiyo kila dawati lilikuwa na saa yake ya kufa, na hakuna aliyeijua. Iliyouliza mapema ikazima mapema, iliyouliza muda mfupi kabla ya kukatika ikadumu. Katika saa moja jengo zima likawa limesahau mahali seva yake ilipo.

Nimeambiwa: basi ongeza, weka 86400, siku nzima. Inasaidia, sikatai. Lakini kumbukumbu hii hukaa kwenye kompyuta iliyowashwa. Stima ikipepesa, kompyuta isiyo na betri huzima na kuwaka upya ikiwa haikumbuki kitu. Mvua ya jioni inayopitia Kisumu kutoka ziwani haichagui kuharibu stima peke yake au faiba peke yake. Yakipatana mawili, zile sekunde 86400 hazina maana, kwa sababu hakuna aliyebaki na jibu la kuhifadhi.

Kwenye seva ya majina iliyo ofisini, rekodi ya 192.168.1.10 haiishi muda. Imeandikwa kwenye faili, na yeye ndiye msemaji wa jina hilo. Haombi ruhusa kwa mtu. Programu ya DNS iitwayo Unbound hufanya hivyo kwa mstari mmoja, mwenzake dnsmasq husoma faili ya majina ya kawaida, na mwenye Windows Server tayari anayo huduma hiyo ndani. Hata kwa majina ya nje kuna afueni: RFC 8767 ya mwaka 2020, mojawapo ya nyaraka za viwango vya intaneti, inaeleza jinsi seva inavyoweza kuendelea kutoa jibu lililopita muda wake pale chanzo kisipopatikana, na Unbound inao uwezo huo, ni wa kuwasha tu.

Wenye mashaka hunikumbusha kwamba hata kampuni kubwa kuliko zote zenye seva zake zilianguka. Ni kweli. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook walijiondoa wenyewe kwenye ramani ya intaneti kwa amri mbovu, seva zao za DNS zikawa hazifikiki, na kwa karibu saa sita Facebook, WhatsApp na Instagram zikatoweka. Lakini wahandisi wao wenyewe walieleza baadaye kwamba kupotea kwa DNS kulivunja pia zana za ndani walizohitaji kutafutia tatizo. Mimi nasoma hapo somo linaloniunga mkono: majina ya ndani yasitegemee njia ile ile inayotegemewa na dunia ya nje. Na seva za umma nazo huanguka. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai 2025 kwa saa zetu, 1.1.1.1 ilizimika kwa saa moja hivi kwa sababu ya kosa la usanidi, na waliokuwa na hiyo peke yake waliona intaneti yote imekufa.

Suluhu ya katikati ambayo wengi huikimbilia ndiyo inayonisumbua kuliko misimamo yote miwili. Fundi huweka seva ya ofisini kama ya kwanza na 8.8.8.8 kama ya pili, akidhani ya pili itaulizwa tu ya kwanza ikifa. Kompyuta haziendi hivyo. Linux ya kawaida husubiri sekunde 5 kisha huuliza ya pili. Ikiwa seva ya ofisini ilikuwa inawaka upya tu, tayari swali limeenda nje. Mashine za Linux zinazotumia systemd-resolved, programu ya kuulizia majina, zikishahamia ya pili hubaki huko huko, hata ya kwanza irudi. Na jina lililoandikwa kwenye seva ya ofisini peke yake likiulizwa 8.8.8.8, haisemi "sijui, uliza mwingine". Inasema jina hilo halipo duniani. Kompyuta hulichukua hilo kama jibu kamili, na hata kukosekana kwa jina huhifadhiwa kwenye kumbukumbu kwa muda. Matokeo yake ni mfumo unaofunguka asubuhi na kukataa mchana bila sababu inayoonekana. Ugonjwa wa namna hii humaliza siku nzima ya fundi. Ukitaka akiba, akiba iwe mashine ya pili humo humo ofisini, yenye rekodi zile zile, na hizo mbili ndizo zitumwe kuuliza nje. Kompyuta za wafanyakazi zisipewe anwani ya nje kabisa.

Kuhusu majina yenyewe sina mengi. Usitumie majina yanayoishia na .local, kwa sababu tangu RFC 6762 ya 2013 imetengewa mfumo mwingine wa vifaa kutafutana vyenyewe, na printa na kompyuta za Apple zitakuchanganya. Tumia tawi la kikoa chako mwenyewe ulichosajili chini ya .ke, au .internal, ambayo bodi ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, iliitenga Julai 2024 kwa mitandao ya ndani.

Swali la nani ataitunza linabaki, na sitaki kulipuuza. Shule ya bweni Bungoma yenye mwalimu mmoja wa kompyuta haiwezi kuendesha BIND, programu kubwa ya seva ya majina, na asilazimishwe. Lakini haihitaji kufika huko. Ruta nyingi za ofisi zina kisehemu cha kuandika majina ya ndani, na majina 5 au 6 humo yanatosha kwa maktaba, mfumo wa alama na kamera za lango. Hospitali yenye wodi na SACCO yenye matawi Kakamega, Mumias na Busia ziko daraja nyingine. Hizo zinashika rekodi za watu, zinabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na zina bajeti ya mlinzi, ya dizeli ya jenereta na ya magari. Bodi ikisema haina uwezo wa mashine mbili ndogo na betri yake, mimi huona tatizo ni kwamba hakuna aliyeiambia DNS ni nini mpaka siku foleni ilipofika nje. Nywila iandikwe, iwekwe kwenye bahasha ya ofisi ya uhasibu, pamoja na ukurasa mmoja unaotaja kila jina na anwani yake.

Anayeshindwa kuamua anaweza kujipima bila kununua kitu. Jumamosi wagonjwa au wateja wakishapungua, chomoa kebo ya faiba kwenye ruta kwa saa moja na nusu, ili zile sekunde 3600 zipite kabisa. Zima kompyuta moja ya mapokezi na uiwashe tena, kisha ufungue mfumo wa ndani kwa jina lake. Ukifunguka, huna la kubadilisha. Ukikataa, anza na ukurasa wa DHCP kwenye ruta, unaogawia kompyuta anwani zake, uone ni anwani gani za DNS zinazogawiwa, kabla hujamgusa mtu wa seva.